Gitaa lako, rangi yako: majibu kwa wanaopaka rangi magitaa ya umeme nyumbani

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu zimeandikwa na watu wanaopaka rangi magitaa yao ya umeme wenyewe, wengi wao baada ya kazi au mwishoni mwa juma, katika nyumba za kupanga za mitaa ya Nairobi. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na nimezifupisha zilizokuwa ndefu.

Swali kutoka Umoja

*Nimenunua gitaa la mtumba lenye umbo la Stratocaster, jeusi, na ninataka liwe buluu yenye kumetameta, kama yale ya miaka ya 1960 ninayoyaona pichani. Ninaishi ghorofa ya tatu na nina roshani ndogo tu. Rafiki yangu anashikilia kwamba nisipotumia nitroselulosi kazi haitakuwa ya asili. Nitumie rangi gani?*

Ndugu msomaji, naomba tuanze na roshani yako, kwa sababu katika kazi hii mahali unapopulizia ndipo panapoamua utumie rangi gani, wala si sifa za gitaa ulilolipenda. Roshani ya ghorofa ya tatu ina majirani juu, chini na ubavuni, ina nguo zilizoanikwa, na ina upepo unaoleta vumbi la barabara kwenye rangi mbichi huku ukipeleka ukungu wa rangi madirishani kwa watu. Hapo usipulizie kitu chochote chenye thina, yaani kiyeyusho cha rangi.

Kuhusu uasili, rafiki yako anasimulia nusu ya habari. Kampuni ya Fender, inayotengeneza Stratocaster na iliyokuwa na kiwanda chake Fullerton, California, haikubuni rangi zake maarufu bali ilizichukua kwenye orodha za rangi za magari za DuPont. Buluu unayoitamani, kama ni ile iitwayo Lake Placid Blue, ilikuwa rangi ya Cadillac ya mwaka 1958. Nyekundu iitwayo Fiesta Red ilitokana na Ford Thunderbird ya 1956. Mnunuzi aliyetaka rangi ya pekee aliongeza asilimia 5 juu ya bei ya kawaida. Baadhi ya rangi hizo zilikuwa za nitroselulosi kweli, lakini hiyo buluu yenye chembe za metali ilikuwa ya akriliki. Kwa maneno mengine, mafundi wa wakati ule walitumia kile kilichokuwa kikiuzwa kwa wapaka magari, na mtu anayeingia leo katika duka la rangi za magari huko Kirinyaga Road au Industrial Area, akachanganyiwa kopo dogo la buluu ya metali kwa namba ya rangi ya gari, amefuata njia yao kwa karibu kuliko anayengoja mzigo wa gharama kubwa kutoka ng'ambo.

Ziko aina chache za kuzingatia. Nitroselulosi hukauka kwa thina kuruka hewani tu, na kwa hiyo kila tabaka jipya huyeyusha kidogo lililotangulia na kuungana nalo; ndiyo maana mkwaruzo wake unaweza kuzibwa baadaye bila kuacha mpaka. Si kitu adimu: vanishi ya NC (kifupi cha nitroselulosi) ambayo mafundi wa samani wa Gikomba na Ngong Road hupulizia meza na vitanda ni ya ukoo huohuo. Udhaifu wake ni kwamba huendelea kunywea kwa wiki kadhaa, hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na huharibika ikigusana kwa muda mrefu na mpira wa baadhi ya stendi za gitaa. Rangi ya 2K, inayochanganywa na hadina (kemikali ya kuigandisha), haikauki kwa kuruka kwa thina pekee bali kwa kemikali mbili kushikana; huwa ngumu, hung'aa mno, na ndiyo iliyoenea katika gereji za magari. Hatari yake kwa mapafu nimeieleza katika jibu linalofuata, na kwa sababu hiyo simshauri mtu yeyote aipulizie nyumbani. Rangi ya mafuta ya milango iepuke kabisa, kwa kuwa hukauka polepole, hubaki laini kwa muda mrefu, na mkono wenye jasho ukiilalia hunata.

Ushauri wangu ni kwamba uigawe kazi. Kufungua gitaa, kusugua, kuziba mashimo na kulainisha kunaweza kufanyika nyumbani kwako kwa msasa wa maji na beseni, bila harufu na bila vumbi, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi na ndiyo inayoonekana mwishoni. Kupuliza kwenyewe ni kazi fupi. Upeleke mwili wa gitaa ukiwa tayari kabisa kwenye gereji inayopaka magari, ukubaliane na fundi bei ya kupuliza tu, naye aupige buluu na klia, yaani vanishi angavu ya juu, wakati ana gari la rangi iliyokaribiana. Ukitaka kupuliza kwa mkono wako, tafuta uwanja wa wazi mbali na nyumba na utumie makopo ya kupuliza ya akriliki. Kumbuka pia kwamba rangi ya metali haisuguliwi baada ya kupulizwa: msasa hukata zile chembe na kuacha mabaka meusi. Tabaka la mwisho la buluu lipigwe jepesi kutoka mbali kidogo ili chembe zilale sawasawa, kisha klia ifuate juu yake, na kusugua kote kufanywe kwenye klia.

Swali kutoka Donholm

*Mimi ni mama wa kijana wa miaka 19 ambaye amegeuza chumba chake kuwa karakana ya magitaa. Anapuliza rangi dirisha likiwa wazi, amevaa barakoa ya hospitali, na harufu inafika jikoni. Ana mdogo wake mwenye pumu. Je, ninamzuia bure?*

Mama, humzuii bure, na ninakuomba mkae pamoja na kijana mlisome jibu hili hadi mwisho.

Barakoa ya hospitali huzuia matone ya mate na sehemu ya vumbi, lakini mvuke wa thina hupenya kana kwamba haipo. Anachohitaji ni barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya mvuke wa kemikali za kikaboni, na mbele yake kichujio cha chembechembe. Vichujio hivyo huchoka: ahifadhi barakoa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, maana huendelea kunyonya hewa hata ikiwa imetundikwa ukutani, na avibadilishe mara tu anapoanza kusikia harufu akiwa ameivaa. Ndevu pembeni mwa uso huiachia mwanya, hivyo azinyoe.

Liko jambo kubwa zaidi ya harufu. Hadina ya rangi za 2K huwa na kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya pumu ya kazini kwa wapaka magari. Kwa kiwango kinachodhuru huenda pua isihisi chochote, na mtu akishapata mzio wake, kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kumbana kifua. Wapaka rangi wanaolindwa ipasavyo hupuliza wakiwa katika chumba maalumu, wakivuta hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje. Yapo pia makopo ya kupuliza yenye hadina ndani yake, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe kilicho chini ya kopo. Urahisi wake usimdanganye, kemikali ni ileile. Kijana na asome maandishi ya kopo kabla ya kununua, na akiona onyo la isosianeti alirudishe rafuni.

Kuhusu jikoni, mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hushuka sakafuni, hupita chini ya mlango, na kusafiri hadi penye moto wa gesi, jiko la makaa au cheche ya swichi. Kupuliza rangi katika nyumba ambamo mtu anapika ni hatari ya moto hata dirisha likiwa wazi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, ambavyo wapenda mbao huvitumia sana, visikunjwe na kutupwa kwenye ndoo: mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na yanaweza kuwasha kitambaa bila kiberiti. Avitandaze nje vikauke vikiwa wazi, au avitie majini.

Sikuambii umnyang'anye gitaa. Kazi hii inafundisha uvumilivu na umakini wa mkono, na kijana aliyeipenda anastahili kusaidiwa apate pahali pake. Asugue nyumbani kwa msasa wa maji, na apulizie nje ya nyumba, mbali na mdogo wake, na mwili wa gitaa usirudi ndani mpaka uishe harufu. Kama hana pahali pengine popote, atumie vanishi za maji zinazopakwa kwa brashi au kitambaa. Hazing'ai sana kama za gereji, lakini zikipakwa nyembamba na kusuguliwa vizuri zinapendeza.

Swali kutoka Buruburu

*Nimesugua gitaa langu kwa msasa kwa siku nyingi, na rangi ya kiwandani haiishi. Je, ni lazima nifike kwenye mbao?*

Si lazima, na katika magitaa mengi ya viwandani si vizuri. Rangi unayopambana nayo huenda ni poliesta au poliyurethani, ambayo dawa ya kuondolea rangi haiitikisi kwa urahisi. Chini yake mara nyingi huna mbao nzuri ya kuonyesha: mtengenezaji aliyejua kwamba atafunika kila kitu kwa rangi nyeusi hakuwa na sababu ya kuchagua kipande kimoja chenye mistari mizuri, hivyo utakuta vipande kadhaa vilivyogundishwa na pengine fila ya kuziba mashimo.

Ngozi hiyo ngumu ni msingi bora kuliko wowote utakaoutengeneza mwenyewe, kwa kuwa imekwisha kuziba vinyweleo vya mbao na kunyooka. Kwanza ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, kisha ipanguse kwa kiondoa grisi, kwa sababu polishi nyingi za samani zina silikoni, nayo silikoni hufanya rangi mpya ikimbie na kuacha vishimo vya mviringo. Ukisugua kabla ya kuosha, utaisukumiza silikoni ndani zaidi. Baada ya hapo sugua kwa msasa namba 320 na kumalizia 400 hadi pasibaki doa linalong'aa, ziba mabonde kwa pati ya magari, na upige praima, yaani rangi ya msingi. Rangi inayobanduka au iliyopasuka ndiyo pekee inayokulazimu kuiondoa mpaka chini. Na shimo ambamo shingo inakaa lifunike kwa utepe tangu mwanzo hadi mwisho, maana tabaka za rangi zikijaa humo shingo haitaingia, na ukiilazimisha itapasua rangi pembeni.

Swali kutoka Lang'ata

*Nilipuliza vanishi ya NC mwezi wa Aprili, ikageuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Je, nimeuziwa bidhaa mbovu?*

Yamkini bidhaa yako ni nzima, na hewa ndiyo iliyokuwa na unyevu. Thina inaporuka kwa haraka huondoka na joto, uso wa gitaa ukapoa kuliko hewa inayouzunguka, na unyevu wa hewa ukageuka maji juu ya vanishi mbichi na kunaswa humo. Katika Nairobi hali hiyo ni ya kawaida wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei, na hata asubuhi za Julai zenye baridi na mawingu.

Habari njema ni kwamba nitroselulosi huyeyuka tena. Ngoja siku kavu, upulize ukungu mwepesi wa thina inayoruka polepole, ile inayouzwa kwa ajili ya kazi hii, nao weupe utaondoka taratibu. Dawa hii haifai kwa rangi yenye hadina, ambayo ikishashikana haiyeyuki tena. Usijaribu kulikausha gitaa karibu na jiko, wala usiliweke juani. Jua letu, kwa mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari, ni kali, nalo huchemsha thina iliyobaki chini na kutoa malengelenge.

Ningependelea upulize kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua. Januari na Februari hewa ni kavu na adui anakuwa vumbi, hivyo mwagia maji kidogo ardhi inayokuzunguka dakika chache kabla ya kuanza.

Swali kutoka Kariobangi

*Mimi ni seremala. Nimechonga mwili wa gitaa kwa mkangazi na ninataka mistari ya mbao ionekane, katikati pawe na rangi ya asali na pembeni pawe na hudhurungi nzito inayofifia kuelekea ndani. Nifuate utaratibu gani, na je, naweza kutumia mvule au saipresi siku nyingine?*

Fundi, barua yako imenifurahisha sana, kwa sababu wewe una ujuzi ambao wengi wetu tunautafuta, na kilichobaki ni utaratibu tu.

Sugua mwili kwa msasa 120, kisha 180 na 220, ukifuata mstari wa mbao kila mara. Ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, uache nyuzi za mbao zisimame na kukauka, kisha uzikate kwa 220 iliyochakaa. Usilainishe kupita 320, kwani mbao iliyolainishwa mno hunywa rangi kidogo na isivyo sawa. Kabla ya kwenda mbele, ipanguse kwa spiriti na uitazame kwenye mwanga wa pembeni: gundi iliyodondoka na kusahaulika itajitokeza kama doa hafifu, na doa hilo litakataa rangi. Ni heri ulione sasa.

Mkangazi una vinyweleo vilivyo wazi. Usipovijaza, vanishi yako itazama ndani yake wiki baada ya wiki, na uso uliokuwa kioo siku ya kumaliza utakuwa na vidoti vingi vidogo baada ya miezi michache. Pitisha tabaka jembamba la sila (vanishi ya kuziba mbao) kwanza, kisha fila ya vinyweleo iliyotiwa rangi ya hudhurungi iliyokoza kidogo kuliko mbao, uisukume kwa kipande cha plastiki ukikata mistari kwa mshazari, na uondoe ziada kabla haijawa ngumu. Iache ikauke kabisa, hata ikikulazimu kungoja siku kadhaa, uisugue, na ukiona mashimo yamebaki, rudia. Samani nyingi nzuri za hapa kwetu hupoteza hadhi katika hatua hii, kwa sababu mteja anasubiri na fundi anaharakisha; gitaa lako halina mteja anayekuharakisha, basi lipe muda.

Kwa rangi ya asali, changanya rangi ya kuyeyuka, isiyo na ungaunga, ndani ya vanishi iliyozimuliwa, na upulize mwili mzima kwa tabaka nyembamba hadi ufike kwenye ukolezo unaoupenda. Hudhurungi ya pembeni nayo iwe ya kuyeyuka, nyepesi kuliko unavyodhani inahitajika. Elekeza bunduki ya rangi kutoka katikati kuelekea nje, ili ukungu unaopotea uangukie nje ya gitaa badala ya kuchafua asali, na uzungushe mwili polepole, ukijenga giza kwa mizunguko mingi hafifu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mkangazi uleule, ukikipitisha katika hatua zote hadi klia, kwa sababu rangi kavu kabla ya klia hudanganya macho. Chagua rangi isiyoliwa na jua: kampuni ya Gibson, katika magitaa yake ya Les Paul ya miaka ya 1958 hadi 1960, ilitumia rangi nyekundu iliyofifia kwenye mwanga, na mengi yaliyokuwa na ukingo wa cheri leo yana rangi ya chai au limau. Watoza wameyapenda yalivyo, lakini wewe huna hakika kama mfifio wako utapendeza.

Mvule unafaa ukiukausha vizuri, ila vumbi lake huwasha pua, macho na ngozi, hivyo usiuchonge bila barakoa ya vumbi. Saipresi ni laini na itapata mabonde upesi. Tena ina utomvu katika vifundo, nao hupenya hadi kwenye rangi na kuacha madoa ya njano. Ziba kila kifundo kwa shelaki iliyoyeyushwa katika spiriti kabla ya kitu kingine chochote.

Swali kutoka Dandora

*Ninachora matatu. Ninataka kuchora gitaa la rafiki yangu kwa mtindo ule wa nganya, yaani matatu zilizopambwa, kwa maandishi na sura za watu. Je, kuna tofauti na kuchora gari?*

Tofauti ni unene. Ubavu wa matatu unavumilia tabaka nyingi, na jicho linautazama kutoka mbali. Gitaa hushikwa kifuani na ukingo wa kila stika au utepe utahisiwa na kidole. Kwa hiyo chora kwa rangi iliyozimuliwa vizuri, tumia bunduki ndogo ya hewa, na baada ya mchoro piga klia nyingi nyembamba, usugue kidogo kwa namba 800, kisha upige nyingine, hadi ukingo wa mchoro usihisike tena.

Kwa mistari mikali, kandamiza ukingo wa utepe kwa ukucha, kisha upitishe juu yake tabaka jembamba la rangi ya chini au klia; hiyo ndiyo itakayoingia chini ya utepe badala ya rangi mpya. Utepe uondolewe rangi ikiwa haijawa ngumu kabisa, ukiukunja kurudi nyuma. Kalamu za wino wa spiriti zijaribiwe pembeni kwanza, kwani klia yenye thina huuyeyusha wino na kuutawanya.

Usiogope kwamba vifaa vyako ni vya kawaida. Mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen alifanya mistari ya gitaa lake maarufu kwa utepe wa kufunikia na rangi ya baiskeli, na George Harrison wa Beatles alilichora Stratocaster lake mwaka 1967 kwa rangi za kung'aa na rangi ya kucha. Wachoraji wa matatu wa Nairobi wana mkono uliozoea kazi ngumu kuliko hiyo, na ningefurahi kuona magitaa mengi zaidi yakipitia mikononi mwao.

Swali kutoka Kasarani

*Je, rangi nene huua sauti ya gitaa la umeme?*

Kwa kiasi ambacho hakipaswi kukukosesha usingizi. Vinasa sauti vya gitaa la umeme husikia mtetemo wa nyuzi za chuma kwa njia ya sumaku, na nyuzi mpya, urefu wa nyuzi juu ya freti (vyuma vya kwenye shingo), amplifaya na vidole vyako vina uzito mkubwa kuliko ngozi ya rangi. Sababu yangu ya kupenda rangi nyembamba ni nyingine: rangi nene hupasuka ikigongwa, huficha mbavu na mikunjo ya mwili, na hufanya gitaa lionekane kama la plastiki. Ila usipulizie rangi ndani ya nafasi za nyuzi kwenye kichwa cha shingo, wala juu ya freti.

Swali kutoka South B

*Nimemaliza kupuliza klia ya nitroselulosi. Nisugue lini, na nifunge nyuzi lini?*

Litundike mahali penye hewa na pasipo jua kwa wiki tatu au nne, na katika miezi ya baridi ongeza. Linuse: maadamu pua inapata thina, klia bado inanywea, na ukiing'arisha leo, baada ya mwezi alama za msasa zitajitokeza tena.

Muda ukifika, anza na msasa wa maji namba 1000, au 800 kama uso una mawimbi, ukiufunga kwenye kipande cha mpira, na matone machache ya sabuni majini. Sugua hadi vidoti vyote vinavyong'aa viishe, kisha 1500 na 2000, halafu kompaundi ya kung'arishia magari kwa kitambaa laini. Pembe na kingo zipitishwe mara chache sana kwa kidole bila kibao, kwani hapo klia ni nyembamba na rangi hutokeza upesi. Maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu: mbao huvimba na kupasua klia ikizunguka tundu. Yazibe kwa nta kidogo kabla ya kuanza.

Kabla ya kufunga vifaa, kata rangi kwenye mdomo wa kila tundu kwa wembe mkali au ncha ya drili unayoizungusha kwa mkono, ili skrubu isiinue rangi inapoingia, na upake skrubu sabuni au nta. Hakikisha waya wa ardhi unagusa chuma cha daraja, si rangi iliyopulizwa hapo kwa bahati mbaya, la sivyo amplifaya itanguruma hata ukiwa umegusa nyuzi. Shingo ikae kwenye shimo lake bila kusukumwa kwa nguvu, skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, kisha nyuzi zifungwe na kupandishwa hadi sauti yake. Stendi yako, kama ina mpira, ivalishe kitambaa cha pamba kabla ya kuliegemeza gitaa usiku wa kwanza.